Barua kwa mwanangu: vinavyorudi na visivyorudi

Mwanangu mpenzi, mama'angu,

Nakuandikia ukiwa na miaka miwili na ushei, umelala chumba cha pili na soksi moja mguuni. Ya pili umeivua mwenyewe na sijui umeitupa wapi. Utakapoweza kusoma barua hii hutakumbuka chochote katika haya, maana kumbukumbu za umri huu hukaa kwa watu wachache sana. Basi mimi ndiye shahidi wako, na shahidi mwenyewe ana usingizi, usishangae nikirukaruka.

Mwaka jana majira kama haya, ambapo huku Ulaya tunakoishi miti huvua majani kabla ya baridi kali, ndiyo kwanza ulikuwa unasimama dede. Majani yalipukutika, ukayatazama ukiwa umebebwa, ukapiga miayo. Mwaka huu una miguu na una maneno, na neno lako kubwa kuliko yote ni "udisha". Biskuti ikivunjika, udisha. Maji ya kuoga yakishamwagika, udisha. Juzi nilikukata kucha, ukaviokota vile vipande, ukaniletea kiganjani huku umenuna: "Udisha, baba." Na haya majira, mama, ni ya vitu kuondoka. Ulichagua wakati mgumu wa kujifunza neno hilo.

Jani ndilo lililoanza. Tulikuwa chini ya ule mwaloni mkubwa. Uliokota jani moja la njano lenye madoa ya kahawia, ukaligeuza mbele na nyuma, ukanyoosha mkono juu, ukaona hufiki. Nikakubeba mabegani. Ukachagua tawi, ukalikandamiza jani pale kwa kiganja, ukasubiri, ukaachia. Likaanguka. Ukaniinamia kunitazama usoni kana kwamba mimi ndiye niliyelisukuma. Nikakuokotea. Safari hii ukalilamba kwanza kikonyo, ukalibandika tena. Mate hayakusaidia.

Ingekuwa rahisi kukwambia kesho tutalibandika. Badala yake nikakueleza, ingawa nusu ya maelezo ilikuwa kwa ajili ya mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi akitusikiliza bila kuficha. Nilikwambia kwamba mti wenyewe ndio unaoliachia jani, upepo unasingiziwa tu. Mwanga ukipungua na baridi ikianza kuingia, pale kikonyo kinaposhikana na tawi hujitokeza tabaka la seli zinazolitenga jani kidogo kidogo, na upande wa tawi kidonda huzibwa. Mti hufanya hivyo kwa sababu majani hupoteza maji mengi, na ardhi ikiganda mizizi haipati ya kufidia. Ile njano uliyoipenda haikuja jana. Ilikuwamo ndani tangu jani likiwa bichi, imefunikwa na kijani, na klorofili, ndiyo hiyo rangi ya kijani, inapovunjwavunjwa ndipo njano inapoonekana. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo, miti inayoipata huitengeneza upya wakati huuhuu wa kuagana.

Ulisikiliza mpaka neno "kidonda", ukataka plasta. Mzazi wa mtoto wa umri wako hutembea na duka zima mfukoni, kwa hiyo plasta ilikuwepo. Ukaibandika kwenye gome, ukaipigapiga, ukaridhika. Yule mzee akasema mti utapona. Mpaka leo tukipita pale lazima ukague.

Tangu hapo nimeshika msimamo: kisichorudi nakwambia hakirudi, kinachorudi nakwambia kitarudi. Bibi yako, tukizungumza kwenye simu, anasema najisumbua. Mtoto hudanganywa kidogo akanyamaza, ndivyo tulivyolelewa sote na tumekua. Simbishii. Bibi yako habishiwi. Lakini naona unavyonisoma usoni ninapojibu, na nataka jibu langu liwe na thamani siku utakapolihitaji kweli.

Jua limenisaidia sana katika hili. Mchana na usiku hukaribia kulingana tarehe 22 au 23 Septemba, kisha usiku unaanza kula mchana mpaka Desemba. Wewe hujui habari za Septemba. Unachojua ni kwamba zamani uliamka kukiwa kweupe na sasa unaamka kukiwa giza, na mtu anapaswa kuwajibika. "Washa jua," uliniambia asubuhi moja, ukionyesha swichi ya taa. Nikakujibu kwamba jua silo langu, ila linakuja, limechelewa tu. Ukaenda dirishani, ukaegemea kioo na pua yako yote, ukaanza kuliita. Ulipokuwa bado unaita, likachomoza. Uligeuka na kunitazama kwa ushindi ambao sijui kama nitauona tena kwa mtu. Kazi hiyo unaifanya sasa siku ambazo mawingu yanaruhusu. Yasiporuhusu unagomba. Na kwa kuwa jua la majira haya hukaa chini sana angani na ngozi haipati linachostahili kuleta, tunakupa matone ya vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, unayoyameza kwa furaha usiyoionyesha kwa chakula chochote cha maana.

Sasa koti. Koti linastahili barua yake lenyewe.

Hulitaki. Nikikuvalisha mkono wa kulia, wa kushoto unachomoka. Nikikulaza kufunga zipu, unakakamaa mwili mzima, unakuwa mgumu, hukunjiki popote. Nimejifunza kwamba kubishana na mtoto kuhusu baridi akiwa ndani ya nyumba yenye joto ni kupoteza muda. Baridi hajaiona, ataiaminije? Kwa hiyo tunafungua mlango, tunasimama kizingitini, upepo unasema yale ambayo mimi nimeshindwa kusema, kisha unanyoosha mikono mwenyewe. Kuna wanaosema huko ni kumwachia mtoto aamue. Mimi naona ni kumwachia upepo aamue, na huwa anaamua haraka kuliko mimi.

Lakini hapo tumefika nusu tu ya safari. Tukifika kwenye gari lazima nikuvue. Koti nene halifai ndani ya kiti cha gari: mikanda huonekana imebana, kumbe imebana manyoya na hewa, na gari likigongwa koti hunywea na mtoto anabaki ndani ya mikanda iliyolegea. Kwa hiyo nakufunga mikanda ukiwa na sweta, naikaza mpaka nisiweze kuifinya begani, ndipo nakufunika na koti kwa juu. Jambo hilo lina mantiki kabisa kwangu. Kwako ni uonevu. Mtu huyohuyo aliyekulazimisha kuvaa koti dakika tano zilizopita sasa anakunyang'anya. "Udisha koti!" unalia, na majirani wanasikia. Nakuelewa. Ningekuwa wewe ningelia pia.

Mafua nayapitia haraka kwa sababu yenyewe hayapiti haraka. Mtoto wa umri wako hupata mafua mara sita, nane, hata zaidi kwa mwaka, na mengi huangukia miezi hii ya kufungiana ndani na wenzake. Una kamasi zako, za rafiki zako, na sehemu kubwa ya hizo iko kwenye goti la suruali yangu, unapopendelea kupangusia pua. Mbegu za mwaloni pia tumezipiga marufuku zisivuke mdomo, kwa sababu zinakaa vizuri mno kwenye koo la mtoto. Ndoo umeruhusiwa. Unazikusanya, unamwaga, unakusanya. Kindi anazifukia, wewe unazifukua. Sijui nani atachoka kwanza.

Ila kuna mahali ambapo ile kazi yangu ya kusema kweli inanigharimu, napo ni mlangoni pa kituo cha kulelea watoto. Zamani nilikuacha kukiwa na jua, ukapunga mkono. Giza lilipoanza kutangulia, ukaanza kunishika shingo. Mwalimu wako, ambaye ni mtu mwema, alinishauri nitoke kimyakimya ukiwa umezama kwenye mchezo. Wazazi wengi hufanya hivyo na siwalaumu, kilio cha mtoto asubuhi kinamfuata mtu mpaka kazini. Mimi nilikataa. Nikitoroka leo, kesho utacheza na jicho moja likiwa mlangoni. Kwa hiyo tunaagana hadharani. Nachuchumaa, nakwambia, "Baba anaondoka, baba atarudi baada ya uji wa jioni." Unalia. Naondoka unalia. Halafu narudi baada ya uji wa jioni, na hapo ndipo penyewe: unakuja mbio na viatu umevaa kinyume, unawaambia wenzako kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "Baba kaudi!" Wiki zilivyokwenda kilio kimefupika. Siku nyingine hakipo kabisa. Siku nyingine kipo. Ndivyo kilivyo.

Mbayuwayu waliokuwa wakikaa kwenye waya juu ya barabara ulishawahi kuwapungia mkono pia, na ukaniuliza walipotoweka. Nilikwambia wamekwenda Afrika, wengine mpaka kusini kabisa, safari ya maelfu ya kilomita, kila mmoja na gramu zake ishirini hivi za mwili. Ukauliza kama wana koti. Nikasema hawana, na nilijua wakati natamka kwamba nimejitia matatani.

Watarudi lakini. Nimekwambia watarudi, na hilo nalo sasa ni ahadi unayonidai hadi miti itakapochipua.

Kitu kimoja tu ndicho sisi watu wazima tunachoweza kukirudisha kweli, na tunakirudisha bila kufikiri: Jumapili ya mwisho ya Oktoba tunarudisha nyuma ile saa moja ambayo huku huisogeza mbele kabla ya majira ya joto. Usiku unapata saa moja ya ziada, watu wanafurahi, wanalala. Wasio na mtoto mdogo, yaani. Wewe mwili wako hausomi saa ya ukutani. Unaamka saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili hiyo saa ya ukutani itasema saa kumi na moja, na wewe utasimama kitandani mwako na nywele zimesimama, ukitaka jua liwashwe. Nimesoma kwamba inasaidia kumsogeza mtoto robo saa kila usiku siku chache kabla. Tumeanza jana. Ulilala kwa kuchelewa robo saa kama tulivyopanga, na leo ukaamka mapema kuliko siku zote.

Jumapili ni keshokutwa. Nimemwambia mama yako kwamba kwa haki ni zamu yake kuamka. Akanikumbusha kwamba mwaka jana aliamka yeye. Nimetafuta ushahidi wa kumpinga, nimepekua hadi picha za simu, na kila picha ya asubuhi ile imepigwa kutoka kitandani.

Nakupenda, mama. Soksi nimeiona, iko kwenye buti langu.

Baba yako