Vanila yako inachanua lakini haizai?

Kila msimu wa maua, simu za wateja wa kitalu chetu hapa Bukoba hufanana: "Vanila imechanua vizuri, lakini maua yote yameanguka." Wengine hudhani tuliwauzia marando mabovu. Hapana. Vanila ni jamii ya okidi, asili yake Meksiko. Ndani ya ua kuna kiwambo chembamba mfano wa ulimi, kinachoitenga chavua na sehemu ya kike. Nyuki wetu, hodari kwenye kahawa, hapa hawafui dafu.

Mkono wako ndio nyuki. Ujanja huu ulianza mwaka 1841 kisiwani Réunion, kwa Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, na mpaka leo mashambani hutumika uleule.

Ua hufunguka alfajiri, na mchana linaanza kunyauka moja kwa moja. Basi ingia shambani kabla ya saa 5 asubuhi. Lishike ua kwa nyuma, uchane mdomo wake kwa kijiti cha meno. Pitisha ncha chini ya kile kiwambo, kiinue, halafu kwa kidole gumba bonyeza chavua iguse sehemu ya kike. Usitegemee unga kama wa mahindi. Ni kidonge cha manjano kinachonata. Wala usihangaike na ua la pili, chavua ya ua lilelile inatosha. Mwanzoni utaharibu kadhaa. Sisi tulitoboa mengi kwa sababu vijiti vyetu vilikuwa vikali mno. Siku hizi ncha tunaisugua kwanza.

Baada ya siku mbili tatu kagua. Ua lililonyauka likabaki limeng'ang'ania, limeshika. Lisiloshika hudondoka.

Sasa tamaa. Kishada huweza kuwa na maua 15 hadi 20, na mteja aliyekwisha kuizoea kazi huyachavusha yote. Tafadhali, 8 hadi 10 yanatosha, na kwa rando changa punguza zaidi. Likilemewa, matunda huwa membamba, lenyewe hudhoofika na magonjwa hulivamia. Kumbuka litayabeba miezi 8 au 9.

Aliyenunua marando kwetu tunamfuata shambani kumwelekeza, bila malipo. Ila piga simu vikonyo vya maua vikichomoza tu. Ukisubiri vichanue, tutakukuta unafagia.