Quinhagak na hoja ya "hatuna uwezo"

Ndugu Mhariri,

Kila mjadala wa mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria mkubwa ambaye Wajerumani walimchimba huku kwetu enzi za ukoloni wakampeleka Berlin, unapoibuka upya hapa Lindi, hawakosekani wanaosema ni heri mifupa ile ibaki Berlin, kwa kuwa sisi hatuna jengo, hatuna wataalamu, wala hatuna fedha za kuitunza. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze habari za kijiji kimoja cha mbali sana ambacho kilikuwa na kila sababu ya kusema maneno hayo hayo, na hakikuyasema.

Kijiji chenyewe ni Quinhagak, kwa wenyeji Kuinerraq, kwenye pwani ya Bahari ya Bering, kusini-magharibi mwa Alaska. Wakazi wake ni kama 700 hivi, wengi wao Wayup'ik, jina ambalo katika lugha yao lina maana ya mtu halisi. Hakuna barabara ya kufika huko. Mgeni huenda kwa ndege ndogo au mashua, na majira ya baridi watu hupita juu ya theluji na mito iliyoganda. Riziki yao hutoka katika samaki aina ya salmoni, sili, ndege na matunda ya porini. Wamisionari wa Moravian walijenga kituo chao hapo mwaka 1893, miaka miwili tu baada ya wenzao wa kanisa hilohilo kuingia Rungwe, na kwa kuwa waliziona ngoma za vinyago kuwa ushenzi, ngoma hizo zikazimwa.

Kilomita chache kutoka kijijini, ufukweni, pana mahali panapoitwa Nunalleq, yaani kijiji cha zamani. Mnamo mwaka 2007 bahari ilianza kutapika pale vifaa vya mbao, kwa sababu ardhi iliyokuwa imeganda kwa karne nyingi ilikuwa ikiyeyuka na mawimbi yakiimega. Warren Jones, kiongozi wa Qanirtuuq, shirika linalomilikiwa na wanakijiji wenyewe, alimwita mwanaakiolojia Rick Knecht wa Chuo Kikuu cha Aberdeen. Jambo hilo halikuwa jepesi, maana kwa mila yao makazi ya wahenga hayafukuliwi, na wazee walilijadili kabla ya kukubali. Uchimbaji ulianza mwaka 2009.

Walichokikuta kinastaajabisha. Kwa kuwa barafu ya ardhini haikuruhusu kitu kuoza, vilitoka vinyago vya mbao, wanasesere, kamba na vikapu vya majani, manyoya, hata nywele, pamoja na visu vya kike viitwavyo uluaq, ambavyo ubapa wake wa jiwe umepinda kama mwezi mchanga na ambavyo hadi leo akina mama wa pale hutumia visu vya umbo hilohilo, ila vya chuma, kupasulia samaki. Palikuwa pia na kuta zilizoungua na vichwa vya mishale vilivyochomekwa humo. Wazee walikuwa wakisimulia tangu zamani kuhusu vita vya pinde na mishale, vilivyoanza, kwa masimulizi yao, pale mtoto alipomtoboa mwenzake jicho kwa bahati mbaya mchezoni, baba wa aliyeumia akalipiza kwa kuyatoa macho yote mawili ya mwenzake, na koo zikaingia katika visasi. Udongo ulithibitisha kwamba kijiji kile kilivamiwa na kuchomwa moto katika karne ya 17. Nalikazia hili kwa wale wanaodhani kwamba simulizi za bibi ni za kulalia tu.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Mbao iliyokaa kwenye barafu ikianikwa hivi hivi hupasuka, hivyo vifaa vilisafirishwa hadi Aberdeen, Uskoti, vikatibiwa kwa dawa maalumu. Lakini makubaliano tangu mwanzo yalikuwa kwamba vinakwenda kutibiwa, havihami. Mwezi wa Agosti mwaka 2018 kijiji kilifungua makumbusho yake katika jengo la shule kuukuu, na zaidi ya vipande 100,000 vikawa na makao hatua chache kutoka nyumba za watu. Mwanakijiji huingia, akavuta droo, akatazama kinyago cha mababu zake. Wachongaji wamerudi kuiga mitindo ile, na vijana wakaanza tena kupiga ngoma zilizokuwa zimenyamaza kwa vizazi kadhaa.

Najua nitajibiwa kwamba mabaki ya kimbunga Halong, kilichopiga pwani hiyo Oktoba 2025 na kuzihamisha nyumba nzima nzima katika vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, yalimega pia ufuo wa Nunalleq na kutawanya malikale nyingi matopeni. Ni kweli, na ni msiba. Hata hivyo kilichochukuliwa na maji ni kile ambacho kilikuwa bado ardhini, si kile kilichokuwa makumbusho. Tena waliotoka kwenda kuokota ni watu wa Quinhagak wenyewe, wakitembea ufukweni kabla ya ardhi kuganda, wakakusanya vipande vipatavyo 1,000 na kuviloweka katika madishi ya maji visije vikapasuka. Wangekuwa wamezoea kwamba vitu vyao ni vya Aberdeen, sidhani kama kuna ambaye angetoka nje na baridi ile.

Msomaji wako,
Lindi