YAH: MALALAMIKO KUHUSU MUDA WA KUSUBIRI MAJIBU KATIKA MAKTABA YENU YA MALIPO

Kwa Mkuu wa Idara ya Ufundi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Toleo jipya la maktaba yenu (msimbo wa malipo tunaouweka ndani ya programu zetu za simu) linakata pesa za wateja wetu mara mbili. Jibu la seva likichelewa, maktaba inatuma ombi lilelile upya bila kuuliza, na msanidi hana mahali pa kuzuia hilo.

Kushindwa kuunganika na kukosa jibu ni mambo mawili tofauti. Muunganisho usipopatikana, seva haijapokea chochote, hivyo kurudia hakuna madhara. Ombi likishatumwa, seva inaweza kuwa imekamilisha malipo huku simu ikiendelea kungoja. Ninyi mnayarudia yote mawili, kisha mnatuletea ujumbe mmoja tu: "hitilafu ya mtandao". Tunaelewa kwamba OkHttp, zana ya mawasiliano ya mtandao kwa Android, hutoa SocketTimeoutException (kosa la muda wa kusubiri kuisha) katika hali zote mbili, lakini kuzitenganisha ni kazi ya maktaba.

Thamani za awali nazo mmeziacha zilivyo. Kwa Android, connectTimeout (muda wa kuunganika), readTimeout (wa kusoma jibu) na writeTimeout (wa kutuma) ni sekunde 10 kila moja, na callTimeout (wa ombi zima) ni 0, yaani haina kikomo. Kwa iOS, timeoutIntervalForRequest (muda wa kungoja data mpya) ya URLSession, zana ya mtandao ya iOS, ni sekunde 60, na timeoutIntervalForResource (muda wa ombi zima) ni siku 7. Siku saba kwa malipo! Isitoshe, readTimeout hupima ukimya kati ya data na data. Seva inayodondosha baiti chache kila baada ya sekunde 8 itamshikilia mteja bila mwisho.

Kuongeza readTimeout peke yake hakutaponya tatizo, kwa kuwa mteja aliyechoka kusubiri atabonyeza tena. Tunachotaka ni kila malipo yapewe ufunguo wa kipekee kabla ya kutumwa mara ya kwanza, ufunguo huohuo utumike kila yanaporudiwa, na seva yenu ikiuona tena irudishe jibu la mwanzo. Jibu likikosekana, maktaba iulize kwanza hali ya malipo. Pia tufungulieni mipangilio ya muda. Kwa malipo tungeweka sekunde 10 za kuunganika, 30 za kusubiri jibu, na kikomo cha 45 kwa ombi zima, sawa kwa Android na iOS.

Tumerudi kwenye toleo lililotangulia, ambalo halirudii maombi. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, likitaja toleo litakalobeba marekebisho haya.

Wenu,
Timu ya wasanidi wa programu za simu