Kuta ndefu, njia za giza

Bwana mhariri, jambo sana. Kila mtu akiporwa simu hapa Goma tunasikia yaleyale, umeme hakuna, polisi hawazunguki. Sawa, ni kweli. Lakini hebu tembea kwa mguu saa moja jioni kutoka huku kwetu Mabanga mpaka Himbi. Mabanga njia ni mbaya, mawe ya volkano kila mahali, unajikwaa ovyo, ila kuna mama anachoma mahindi, pembeni yake kijana anauza uniti na katochi kake, wengine wamekaa mbele ya butiki wanabishana mpira, ukipiga kelele tu wote wanageuka. Himbi sasa, barabara nzuri, kanivo ya kupitisha maji safi, na ukuta. Ukuta wa mawe meusi, juu waya wa miiba, halafu geti ya chuma, halafu ukuta tena. Ndani taa zinawaka kweli lakini zinamulika parsele yao, yaani kiwanja chao tu, na sentineli hata ulie vipi hafungui, bosi alishamkataza. Mwizi naye si mjinga.

Jane Jacobs, mama mmoja wa New York, aliandika haya tangu 1961, kwamba barabara inalindwa kwanza na macho ya wenyewe, wenye maduka na wanaokaa mlangoni na wapita njia. Na hakusomea hata kuchora miji, alikuwa mwandishi wa habari! Sisi tukitengeneza barabara kitu cha kwanza ni kufukuza wamama eti wanachafua mji, haya, giza likiingia pale kwenye kona anabaki nani?

Hata ziwa lenyewe, Kivu yote hii, sehemu kubwa iko nyuma ya kuta za hoteli na nyumba za wakubwa, ukitaka kuliona bila kununua soda unashuka Kituku, pale ufukweni, kusukumana na wachota maji.

Najua watu walijenga kuta sababu ya woga, na woga huo hatukuuokota bure. Lakini anayetoa ruhusa ya kujenga si angeweka sharti tu, kwenye barabara kubwa mawe yaishie kifuani na juu viwe vyuma vya kuonea nje, kanivo ifunikwe watu wapate pa kupita, na kwenye kona wamama waachiwe nafasi ya meza zao. Kodi watalipa, mbona hata sasa asubuhi wanatozwa, mchana wanafukuzwa.

Mkaaji wa Mabanga, Goma