Barua kutoka Kansas City: kuta za Laugh-O-Gram

Shosti yangu,

Salaam nyingi, habari za Dar na joto lake? Sisi huku wazima, watoto wako shule, baridi ndiyo imeanza kubisha hodi. Kwenye ile voice note uliniuliza eti ni kweli Disney alianzia huku Kansas City na siyo California, sikukujibu palepale maana hii stori haitoshi kwenye sentensi mbili, na wewe ni mchora katuni, inakuhusu kabisa.

Ni kweli. Jengo lenyewe liko 1127 East 31st Street, kona ya Forest, la matofali, ghorofa moja tu, ukipita na gari bila kuambiwa huwezi kuligeukia. Linaitwa McConahay. Mei 1922 Walt Disney akiwa na miaka 20 alifungua kampuni yake pale juu, Laugh-O-Gram Films, kwa mtaji wa dola 15,000 aliokusanya kwa watu waliomwamini, halafu akawaita vijana wenzake rika lake au wadogo kwake, Ub Iwerks, Hugh Harman, Rudolf Ising na wengine, karibu wote wanajifunzia kazi hapohapo kazini. Unajua mwenyewe kazi ilivyokuwa enzi zile, karatasi juu ya kioo chenye taa chini yake, unachora, unaweka nyingine juu, unachora tena, kamera imening'inizwa juu inapiga picha mojamoja, hakuna cha kompyuta hakuna cha undo.

Kilichowaua ni mkataba. Kampuni moja iitwayo Pictorial Clubs ya Tennessee iliagiza katuni sita za hadithi za watoto kwa dola 11,100, ikatanguliza dola 100 tu, hela nyingine zote mpaka Januari 1924. Yaani vijana wakakaa wanachora usiku na mchana kwa ahadi, na kabla hiyo Januari haijafika mteja mwenyewe akafa kibiashara. Wewe ulishafanyiwa hivihivi na yule mteja wa tangazo, ndiyo maana nimekuandikia hii sehemu kwa urefu, usikubali tena kuanza kazi bila nusu mkononi!

Basi mishahara ikakata, wenzake wakaanza kuondoka mmoja mmoja, Walt akabaki analala ofisini, akitaka kuoga anakwenda kituo cha treni cha Union Station analipa senti 10. Mgahawa wa chini wakawa wanamkopesha chakula. Kipindi hichohicho daktari wa meno wa mjini, Thomas McCrum, akataka filamu ya kufundisha watoto kupiga mswaki, bei dola 500, siku moja akampigia simu aje wamalizane, Walt akamwambia siwezi kuja, viatu vyangu pekee viko kwa fundi na sina dola moja na nusu ya kuvikomboa. Daktari akatoka mwenyewe, akaenda kulipa kwa fundi, akarudi naye. Mimi hiki kisa cha viatu kinanigusa kuliko vyote, maana mtu anasimama kwenye chumba ambacho kuta zake bado zipo mpaka leo, miguu mitupu, na bado anafikiria filamu inayofuata.

Na ilikuwepo kweli, Alice's Wonderland, mtoto wa kweli anaingia kwenye dunia ya katuni. Hela ziliisha kabla ya kuisambaza, kampuni ikafilisika 1923, Walt akapanda treni kwenda Hollywood na kama dola 40 mfukoni na hiyo filamu. Kwa filamu hiyo msambazaji wa filamu wa New York, Margaret Winkler, akampa mkataba, Oktoba 1923 Walt na kaka yake Roy wakaanzisha studio yao. Iwerks ndiye aliyekuja kumchora Mickey zile filamu za mwanzo. Harman na Ising ndio walioanzisha Looney Tunes, zile katuni za kina Bugs Bunny. Sasa piga hesabu, watu wote hao walipita ngazi moja ya jengo moja la mtaani, na waliposhuka wote walikuwa wamefeli.

Halafu jengo likasahauliwa. Hapa lazima nikuambie habari ya Troost, barabara iliyo jirani kabisa, maana bila hiyo huwezi kuelewa. Kwa miaka mingi Troost ndiyo ilikuwa mpaka wa mji huu, weusi mashariki, wazungu magharibi, mabenki hayakopeshi upande wa mashariki, wenye uwezo wakahama, maduka yakafungwa. Jengo la McConahay liko upande wa mashariki. Mwaka 1978 liliingizwa kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria lakini orodha haizibi paa, shosti. Paa likishavuja maji yanaingia kwenye mbao, mbao zinaoza, sakafu ya juu inashuka, ukuta unabaki umesimama peke yake hauna kinachoushika. Sisi hilo tunalijua vizuri, Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilikuwa ndani ya eneo la urithi wa dunia na bado sehemu yake kubwa ilianguka Desemba 2020.

Lakini hapa watu waliwahi. Wakazi wa mji waliunda chama kisicho cha faida, wakakiita Thank You Walt Disney, wakalipata jengo likiwa gofu, wakaanza na kuziegemeza kuta kwa vyuma zisianguke, hela za mambo mengine wakazitafuta baadaye. Familia ya Disney iliahidi dola 450,000 kwa sharti kwamba na wengine wachange kiasi hichohicho. Imekwenda polepole mno, miaka na miaka. Wakati huo Union Station ileile aliyokuwa anaoga Walt ilifufuliwa ikafunguliwa upya 1999, kwa sababu watu wa kaunti kadhaa za huku, upande wa jimbo la Missouri na upande wa jimbo la Kansas, walipiga kura 1996 wajikate kodi. Siwalaumu, ni jengo zuri sana na sisi tunawapeleka watoto, ila inaniuma kwamba jengo kubwa linapata kodi kutoka pande za majimbo mawili na dogo la upande wa pili wa Troost linabaki kupitisha bakuli.

Mpango ni kuweka makumbusho, ukumbi mdogo wa sinema na sehemu ya kufundishia animesheni. Mimi ningeambiwa nichague ningeanza na madarasa, watoto wa mitaa ileile ya 31st waingie bure wachore, makumbusho yafuate. Sitaki pageuke mahali pa watalii kuja kununua masikio ya Mickey.

Sasa fanya hivi, hiyo Alice's Wonderland iko mtandaoni, itafute, ni ya kimya na fupi. Mwanzoni kabisa mtoto Virginia Davis anatembelea studio na Walt anamwonyesha kazi, angalia meza, angalia wanavyokaa, uniambie kwa jicho la mchoraji umeona nini maana mimi naona vijana tu wamefurahi. Na zile karatasi zako za mwanzo, zile za kule Tandika, usizitupe wala usiziache kwenye lile banda, zitolee picha unitumie.

Wasalimie nyumbani wote, mama mpe shikamoo yangu.

Rafiki yako wa Kansas City