Tuwadai mafundi mabaki yetu, tushone mashuka

Mhariri, salamu kwako na kwa wote mnaolitengeneza gazeti. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Tanga, na ukurasa wa mambo ya nyumbani ndio naanza nao kabla hata ya habari za siasa, ila kuna jambo mnalipita kila mara na leo nimeona bora niwaandikie. Mnatuonesha fasheni za vitenge, gauni la mkato huu na mkato ule, mikono ya puto, marinda, yote mazuri sana, lakini hamjawahi kutuambia kile kilichokatwa kikabaki kinaenda wapi.

Kinakoenda mimi nakuona kila siku. Pita jioni kwenye barabara yoyote ya Ngamiani yenye mafundi, wakati wanafunga vibanda, chini ya kila cherehani kuna rundo, kitenge, khanga, lesi, satini, tetroni za sare za shule, vyote vinafagiliwa pamoja vinatiwa kwenye kiroba. Vingine vinachomwa palepale na kwa kuwa humo ndani mna polista basi ule moshi unakaba kifua, vingine vinaishia mtaroni, alafu masika ikija tunashangaa maji hayana pa kupita. Na kile kitambaa jamani si uchafu, na wala si cha fundi, ni chetu, tumeshakilipia dukani. Mtu unanunua kitenge yadi 6 gauni linakula yadi 4, linabaki pande la maana kabisa, na hata zile pembe pembe za kwenye kwapa na shingo zinatosha kufanyia kitu. Tunatoka na gauni letu tumefurahi, mabaki tumeyaacha.

Siwalaumu mafundi, hilo lieleweke. Wengi wao hawaombwi tu. Mimi fundi wangu nilipomwambia, "Fundi, na mabaki yangu nifungie," alinijibu kwa wema kabisa, "Haya mama, ila wewe ndo wa kwanza, wenzio wote wanaacha." Siku hizi nikienda kuchukua nguo nakuta mfuko wangu umeshaning'inizwa msumarini, na mara nyingine kaniongezea na ya wateja ambao hawakutaka yao. Kuomba hakugharimu kitu.

Sasa hayo mabaki nayafanyia nini? Nashona shuka la vipande. La kufunika kitanda, la kujifunika usiku wa kusi kule mwezi wa sita na wa saba ambapo hata hapa Tanga upepo wa alfajiri unamfanya mtu atafute cha kuvuta, la kumtandikia mtoto chini acheze. Na ndo hapo maneno yanapoanza. Nimeambiwa na watu ninaowapenda kabisa kwamba hayo ni mambo ya shida, kwamba mgeni akiingia chumbani akakuta kitanda kimetandikwa vipande atafikiri nyumba imeishiwa. Hii fikra inaniuma kwa kweli. Vile vitambaa ni vipya, havijavaliwa hata siku moja, tena ni vile vile ambavyo ukivaa kwenye shughuli watu wanakusifia, kwa hiyo vikiwa mwilini ni pambo afu vikiwa kitandani ni aibu? Sikubali.

Na wako watu walioshona kwa vitambaa vikuukuu kuliko vyetu, na dunia ikawaheshimu. Kule Marekani, jimbo la Alabama, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, wanawake wake ni weusi, wajukuu na vitukuu vya watu waliokuwa watumwa kwenye mashamba ya pamba ya hapo hapo, nao walikuwa wakichukua suruali za kazi zilizochoka, mashati, magunia, wanaunganisha wapate cha kuwafunika watoto baridi isiwaue. Mwaka 2002 mashuka yao yakatundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayatolea stempu. Wale walianza kwa sababu ya baridi na kukosa, na wakawa wanapanga rangi kwa jicho ambalo wasomi wa sanaa walikuja kulistaajabia. Sisi vitenge vyetu rangi zimeshapangwa na waliovichapa, tunashindwa nini?

Basi naomba niwaeleze wasomaji wenzangu ninavyofanya, kwa urefu kidogo, kwa sababu wengi hawashoni si kwa kutotaka bali hawajui pa kuanzia.

Kazi ya kwanza ni kuchambua, na hii ndo kazi kubwa wala usiione ndogo. Pamba iende na pamba. Kitenge cha pamba, khanga, batiki, hivo vinakaa pamoja, polista na satini weka mfuko mwingine, na lesi mfuko wake. Sababu ni kwamba pamba ikifuliwa mara ya kwanza inaruka, yani inapungua, polista hairuki, ukivishona pamoja bila kufua utakuta shuka limejikunjakunja kila mahali, tena pasi inayonyoosha pamba vizuri inaunguza polista. Kama hujui kitambaa ni cha nini chomoa nyuzi mbili tatu ziwashe kwa kiberiti mbali na vitu vingine, pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha jivu laini, polista inayeyuka inakuwa kidonge kigumu cheusi. Alafu fua vyote kabla hujakata, khanga nyekundu na batiki fua peke yake, rudia mpaka maji yatoke meupe, maana rangi ikija kutoka baadae kwenye shuka lililokwisha shonwa hakuna dawa.

Kisha chukua boksi gumu ukate kipimo cha mraba sentimita 15 kwa 15. Hicho ndo kipimo chako cha kila kipande, usiwe unakata kwa macho. Ukishona unaacha sentimita moja kila upande, kwa hiyo kipande kitabaki na 13 zinazoonekana. Kwa kitanda cha nne kwa sita mimi napanga vipande 11 kwa upana na 15 kwa urefu, jumla 165, unapata shuka la sentimita 143 kwa 195, linafunika godoro na linashuka pembeni kidogo. Vipande 165 vinaweza kukutisha ila havikusanywi siku moja, unaviweka kwenye ndoo yenye mfuniko, kila nguo inayoshonwa nyumbani inachangia vyake, na kama ukoo wenu ni wa shughuli kama wetu, sare za harusi peke yake zinajaza ndoo.

Vipange kwanza chini kwenye mkeka kabla ya kushona, visogeze, simama mbali uvitazame, hapa usiwe na haraka. Vitenge vyenye maua makubwa vikikaa jirani vinagombana, weka kitambaa cha rangi moja katikati yao vitulie, na kwa hili mabaki ya sare za shule, zile za pamba, yanasaidia sana. Na khanga nina neno lake. Ukikata khanga usilikate jina. Lile fungu lenye maandishi likate likiwa zima, liwe mstari wake wenyewe kwenye shuka, hata kama itabidi upunguze vipande vingine. Mtu alilichagua lile jina dukani kwa maana yake, kulikatakata herufi zikabaki nusu nusu mimi naona ni kumkosea heshima.

Unashona mstari mmoja mmoja wa vipande 11, ukimaliza unapiga pasi. Ujanja mmoja ambao fundi alinifundisha: mstari wa kwanza mishono yote ilazie kulia, wa pili ilazie kushoto, wa tatu kulia tena, hivo hivo mpaka mwisho. Ukija kuunganisha mstari na mstari ile mishono inakaa upande na upande haipandani, kona zinakutana sawasawa na sindano haikwami kwenye unene.

Bitana usinunue. Doti moja ya khanga zilizolainika kwa kuvaliwa, ziunganishe mbili kwa ule upande mrefu, unapata kama mita moja na nusu kwa mita mbili na ushee, ila pima maana khanga zinatofautiana. Itazidi kidogo kila upande, na kile kilichozidi ndo unakikunjia juu kinakuwa pindo, huhitaji kitambaa kingine. Tandaza bitana chini, uso uangalie chini, weka juu yake ule uso wa vipande, upige bandi, yani ushikize kwa mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kuelekea nje ili mikunjo itokee pembeni isibaki katikati, alafu ndo ushone moja kwa moja kupita tabaka zote mbili, kwa cherehani au kwa mkono, ufumue bandi, upinde kingo. Kwa Tanga mjini tabaka mbili zinatosha kabisa. Kama una ndugu Lushoto unataka kumpelekea, tia blanketi jembamba kuukuu katikati, kule baridi ni baridi kweli. Sufi iacheni kwenye mito, ndani ya shuka inahama hama na ukifua inashikana madonge.

Najua kuna atakaeniambia hana cherehani, na vipande vyake ni vidogo havitoi mraba hata mmoja. Kwa huyo nina habari nzuri na ndo iliyonisukuma kuandika hii barua. India, jimbo la Karnataka, wako watu wanaitwa Wasidi, ambao wazee wao walitoka huku kwetu Afrika, wengi wao walichukuliwa utumwani wakavushwa bahari hii hii tunayoitazama pale Raskazone, na wanawake wao mpaka leo wanashona mashuka ya vipande wanayoyaita kawandi. Wao hawakati miraba wala hawatumii cherehani. Wanatandaza bitana, mara nyingi sari kuukuu, wanaanza kona moja, wanakunja ukingo wa kipande wanakiweka, wanashona kwa mkono hatua ndogo ndogo kufuata ukingo, kipande kinachofuata kinapanda kidogo juu ya mwenzie, wanazunguka shuka lote, wakimaliza mzunguko wanaingia ndani mzunguko mwingine, mpaka wanakutana katikati. Kipande kiwe kirefu, kiwe cha pembe tatu, chote kina nafasi yake, na ile mishono ya kuzunguka ndo inayoshika tabaka zote kwa hiyo hakuna kazi ya pili. Kwenye kona nne wanamalizia na vikunjo vidogo vya kitambaa wanavyoviita phula, yani maua, na bila hayo shuka halijakamilika.

Mimi nimeshajaribu kwa namna hiyo na kwa mabaki madogo naiona ni bora kuliko miraba. Huhitaji kipimo, huhitaji umeme, na unaweza kukaa nayo barazani na wenzio baada ya alasiri kila mtu na kona yake mkipiga stori, maana shuka moja linakaliwa na watu wanne bila kubanana. Wasichana wetu wa siku hizi wengi hawajui hata kutia uzi kwenye sindano, na hii ni kazi ambayo anaeanza leo anaifanya pamoja na anaejua na mshono wake ukipinda kidogo hauharibu kitu. Tena inaniuma sana kwamba damu yetu ilivuka bahari ikakaa kule miaka mamia, ikawa inashona, na sisi tuliobaki huku tunachoma vitambaa kwenye mitaro. Hilo silali nalo.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni hili. Kwenye ukurasa wenu wa nyumbani tutengeeni japo robo ukurasa kwa mwezi, mchapishe mchoro na vipimo, mwezi huu shuka la miraba, mwezi ujao hilo la kuanzia kingoni, mwingine foronya za mito, vishikio vya sufuria, mkoba wa sokoni, vyote vya mabaki. Mchoro uwe mkubwa uonekane, na vipimo viwe vya sentimita maana tepu zetu nyingi upande wa inchi umefutika. Mwandishi wenu akitaka kuona kazi yenyewe kabla hajaandika namkaribisha, atapewa chai na atashikishwa sindano.

Na nyie mafundi wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni mnaosoma hapa, wekeni kiroba cha pamba peke yake na kiroba cha vingine peke yake, mtuambie tuje kuchukua. Cha pamba tutakichukua chote.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama mshonaji, Makorora, Tanga