Kwa rafiki yangu uliyekabidhiwa shughuli za wanafunzi

Lushoto,
12 Oktoba 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, na mvua za vuli zimeanza kugusa jioni, kidogo kidogo. Nimefurahi mno kusoma kwamba mkuu wako wa shule amekukabidhi shughuli zote za wanafunzi: michezo, klabu, mahafali, pamoja na hayo anayoyaita mahusiano na jamii. Hakukosea kukuchagua. Tangu tukiwa Korogwe chuoni, wewe ndiye uliyekuwa ukijua mpishi kafiwa kabla uongozi wa chuo haujapata habari.

Umeniuliza uanzie wapi, na umeniambia unafikiria kuanza na mahafali makubwa: turubai, spika za kukodi, mgeni rasmi mwenye jina, ili watu wa hapo Kahama waione shule yenu mpya. Nakujibu kama ninavyoamini. Mahafali yafanye, tena yafanye vizuri, kwa sababu mtoto aliyemaliza kidato cha nne katika shule ya kata anastahili kusimama mbele ya wazazi wake akapigiwa makofi. Lakini usitegemee kwamba yatakuletea jamii. Anayekuja siku ile ni mzazi wa kidato cha nne. Atamvisha mwanawe maua shingoni, atapiga picha, atakula pilau, na huenda asirudi tena getini. Yule mwenye mtoto wa kidato cha pili anayetoroka kwenda mnadani hakuja, wala hakualikwa, na huyo ndiye unayemhitaji zaidi.

Halafu kuna jambo la michango. Mwenzangu, hapa nakuomba uwe mkali. Niliwahi kuona katika shule moja, siitaji jina, binti akiachwa amekaa darasani peke yake siku ya mahafali ya wenzake kwa kuwa nyumbani kwao hawakuwa na fedha ya kuchangia. Amesoma miaka minne, halafu siku yake anaisikia kwa dirishani. Mpaka leo nikikumbuka naumia. Ukikaa na kamati yako, jambo la kwanza liwe hilo: kila mhitimu anaingia, anakaa na wenzake, anakula. Kama bajeti haitoshi, punguzeni spika.

Sasa nikwambie kilichotuletea wazazi sisi. Ni mahindi.

Unakumbuka Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na jinsi kuanzia Januari 2016 ada ilivyofutwa mpaka kidato cha nne. Lilikuwa jambo jema sana, na mabinti wengi wa vijiji hivi wasingeingia kidato cha kwanza bila hilo. Lakini wazazi wengi walielewa kwamba kila kitu sasa ni cha serikali, na chakula cha mchana kikawa kinasuasua. Mtoto anashuka mlima alfajiri, anakaa na njaa mpaka saa tisa, anapanda mlima tena. Tukaita vikao, tukaandika barua, mwenyekiti wa kitongoji akatangaza. Mahindi yakawa yanakuja ya kuhesabu kwa vidole.

Aliyefungua njia ni mwanafunzi. Katika baraza la shule, binti mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza: mahindi yakishaletwa, nani anawaambia wazazi yamekwenda wapi? Walimu tukatazamana. Tulikuwa na daftari la stoo, lakini lilikuwa la mwalimu wa zamu na mkuu wa shule tu. Basi wanafunzi wa mchepuo wa biashara wakaomba walishughulikie kama zoezi lao la hesabu. Wakaingia stoo na mizani, wakapima, wakalinganisha na daftari, wakaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila: yaliyoingia, yaliyopikwa, yaliyobaki, na mstari mmoja wa yaliyoliwa na dumuzi, yule mdudu wa ghalani. Mimi sikuugusa ule mwandiko. Neno "yaliyoharibika" walikuwa wamelikosea herufi, nikaliacha hivyo hivyo.

Jumamosi ya kikao cha wazazi waliisimika ile manila ubaoni, wakasoma wao wenyewe. Baba mmoja akasimama kuuliza chumvi na kuni zinatoka fungu gani. Binti akafungua bahasha, akatoa risiti, akamsomea tarehe na kiasi. Kisha mama mmoja mkulima, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno kwenye kikao, akasema: huo mstari wa dumuzi hauna haja ya kuwepo, njooni nyumbani niwaonyeshe. Wiki iliyofuata wanafunzi wakaenda kwake kujifunza kukausha mahindi vizuri na kuyafunga katika ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Tangu hapo mama yule akija shuleni haitwi mzazi wa fulani, anaitwa mwalimu wa stoo, na michango ya mahindi imepanda kila msimu. Haijafika kwa kila nyumba, nisikudanganye, lakini tunapika.

Ndiyo maana ninasema: tafuta kwanza kitu ambacho wanafunzi wanaweza kukifanya wenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ambacho kijiji kina haja nacho au kina ujuzi nacho. Tukio la sherehe lije baadaye.

Klabu yetu ya mazingira imekwenda hivyo hivyo. Mwezi huu wamekuwa na huzuni, kwa sababu tarehe 1 walisikia habari za kifo cha mtafiti Dk. Jane Goodall. Wengi walimjua kwa sokwe wa Gombe tu, nikawaeleza kwamba vuguvugu la vijana la Roots & Shoots, ambalo leo liko katika nchi nyingi duniani, lilianzia Dar es Salaam mwaka 1991, na wanafunzi 12 wa sekondari waliokwenda nyumbani kwake kumweleza yanayowakera katika maeneo yao. Wanafunzi wa sekondari, wa hapa hapa kwetu! Ungeona macho yao.

Wao wanahangaika na kijito kinachopita chini ya shule. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na huku kwetu kabichi na nyanya zinalimwa mpaka ukingoni. Mwanzo walitaka kwenda na bango. Nikawaambia wapime kwanza, halafu wakaongee na wenye mashamba. Wakachukua kamba, wakapima, na katika kuongea wakagundua kwamba mashamba mengine ni ya wazazi wao. Hapo maneno yalibadilika kabisa. Mzee mmoja akawaeleza kwamba zamani pale palikuwa na mikuyu, na kwamba maji yalipungua baada ya mikuyu kukatwa na watu kupanda mikaratusi. Akawafundisha kukata tawi la mkuyu na kulipanda lichipue. Sasa wana kitalu nyuma ya maabara, viriba vimepangwa mistari chini ya kivuli cha majani ya migomba, na kila darasa lina zamu ya kumwagilia. Mbuzi walikula sehemu ya miche ya mwanzo, wakazungushia miiba. Wakulima wawili wamekubali kurudi nyuma kutoka ukingoni. Wengine bado, na mwenyekiti anaendelea kuzungumza nao. Siku ya kupanda haikuwa na mgeni rasmi. Walikuja watu wenye majembe.

Nisisahau Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni, maana najua kata yenu itakuomba wanafunzi. Huangukia likizo, lakini wale wa karibu wataitwa kuimba na kusoma risala. Mimi hili linanigusa sana. Siku ile inakumbuka wanafunzi wa Soweto waliotoka madarasani mwaka 1976 kupinga kufundishwa kwa Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Maandamano yale waliyapanga wao wenyewe. Halafu sisi, katika siku yao, tunampa mtoto risala aliyoandikiwa na mwalimu, yenye shukrani kwa viongozi kuanzia juu hadi chini, naye anaisoma bila kuinua uso. Waache waandike wenyewe. Kaa nao, warekebishe lugha, wafundishe heshima ya kumweleza mkubwa jambo gumu, lakini hoja ziwe zao. Wetu mwaka huu waliandika juu ya pikipiki zinazowachukua mabinti njiani jioni, na diwani akawajibu pale pale kwa mpango ambao sasa unafuatiliwa na walezi wa mabinti. Mwalimu asingeiandika hoja ile kwa namna ile.

Kwa michezo sina mengi ya kukufundisha, wewe ni mtu wa netiboli. Ila UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, si mpira na riadha peke yake, ina kwaya na ngoma pia, na hapo wewe una hazina ambayo mimi sina. Uko Usukumani! Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, watu wa huko wameyarithi kwa mababu. Waalike wazee wawafundishe vijana wako, wakae uwanjani jioni na ngoma zao, wazazi watakuja bila barua ya mwaliko. Na hata kikundi chenu kisipovuka ngazi ya wilaya, wazee watakuwa wameingia shuleni kama walimu. Hilo ni kubwa kuliko kombe.

Kuhusu kuchangia damu, uliloniuliza mwishoni: shule yenu ina kidato cha kwanza hadi cha nne, na mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Kwa hiyo wanafunzi wako karibu wote hawaruhusiwi, na usimruhusu yeyote aongeze umri kwa ushujaa. Lakini wanaweza kuwa waandaaji. Wapite nyumba kwa nyumba wakieleza kwa nini mama anayejifungua anaweza kuhitaji damu, wapange viti, waandikishe majina, wagawe juisi. Ongea na hospitali ya wilaya mapema. Na wawakumbushe waliochangia warudi, wanaume baada ya miezi mitatu, wanawake baada ya minne.

Kitu kimoja nakuomba usikiruhusu kabisa: kazi ya jamii kuwa adhabu. Aliyechelewa namba asipelekwe kufagia zahanati. Mwalimu Nyerere alipoileta Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe jumuiya, na wanafunzi washiriki kuamua mipango ya shamba lao na kuyaona matunda yake. Sisi wenyewe tuliosoma baadaye tuliliona shamba la shule kama mahali pa kuadhibiwa, na wengi wetu tulitoka tunalichukia jembe. Ukimfagilisha mtoto zahanati kwa kosa, mwaka kesho ukimwomba aende kwa hiari kuwasomea wagonjwa hatakuelewa. Vilevile wanafunzi wasitumike kubeba maji ya walimu kwa jina la kujitolea. Wakitoka nje ya shule, wazazi wajue, ruhusa iwe ya maandishi, na awepo mwalimu wa kike na wa kiume. Mzazi mmoja akipata wasiwasi juu ya usalama wa binti yake, kazi ya mwaka mzima inaweza kuvunjika.

Najua utaniambia muda uko wapi, mitihani ya taifa ni mwezi ujao na mwalimu wa taaluma anataka vipindi vya ziada. Hata kwetu wapo wanaoona klabu zinakula masomo. Ninachokiona mimi ni kwamba yule binti wa mahindi aliwahi kuwa mzito sana katika hesabu, na sasa anawafundisha wenzake mapato na matumizi bila kuangalia daftari. Lakini hata kama alama zake zisingepanda, bado ningemtetea kwa mwalimu wa taaluma. Aliuliza swali lililokuwa letu sisi watu wazima kuliuliza. Wewe anza na siku moja kwa wiki, alasiri, na kidato cha nne waache wasome mpaka wamalize mtihani.

Usianze na klabu nyingi. Wenye shauku na skauti waende skauti, wa mazingira wabaki mazingira, na kila klabu iwe na mlezi anayeipenda, si aliyepangiwa kwenye ratiba. Nitakutumia kwa basi nakala ya ile fomu ya ruhusa ya wazazi tunayotumia, uibadilishe mtakavyo, pamoja na picha ya ile manila ya mahindi. Mbegu za miti za huku sikutumii, hali ya hewa yenu ni nyingine. Waulize watu wa misitu hapo wilayani wakupe zinazofaa.

Desemba nitashuka Tanga kwa wazazi. Ukipata nauli njoo tukae siku mbili tatu, mama bado anakuulizia. Nisalimie shemeji na watoto, na uniandikie umeamua nini kuhusu yale mahafali.

Wako akupendaye,
mwalimu mwenzio wa Lushoto